Naomba ushauri: Juliasi Kaizari kwa saa moja, nikate wapi?

Habari zenu wakuu. Naombeni mwongozo, hasa kwa mliowahi kufundisha au kuigiza tamthilia za Shakespeare. Nasimamia klabu ya maigizo ya sekondari, na tumechagua Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Jukwaani tumepewa saa moja tu.

Shida ni kwamba Kaizari anauawa katikati ya tamthilia, mwanzoni mwa tendo la tatu. Antony, rafiki wa Kaizari, akishahutubia mbele ya maiti, umati unapandwa na hasira hadi unamvamia Cinna mshairi, kisa jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Hapo vijana wanacheza kwa moyo wote. Tukifika vita vya Filipi, mwishoni mwa tamthilia, nguvu zinakwisha. Nimejaribu kufupisha hotuba ya Antony, lakini ukiigusa tu inapoteza makali, maana inawageuza watu kidogo kidogo.

Je, niishie kwa Cinna, au nitakuwa nimemwonea Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ambaye Antony mwenyewe anamsifu akishajiua? Na umati wa Roma unaigizwaje na wanafunzi wachache?

Natanguliza shukrani.