Kwa nini vimelea vya TB havitoki rangi hata ukivimwagia asidi?

Mwanafunzi_Maabara
Wakuu, habari za jioni. Nasoma diploma ya maabara, sasa nipo fildi kwenye kituo cha afya. Kila asubuhi napaka makohozi kwenye slaidi: kabolifuksini (rangi nyekundu), moto, asidi yenye alkoholi, kisha methilini bluu (rangi ya bluu). Hatua nazijua, sababu ndiyo sina. Asidi inaondoa nyekundu kwenye seli za mgonjwa na bakteria wa mdomoni, lakini vijiti vya TB vinabaki vyekundu. Kitabu kinasema "ukuta wenye mafuta", basi. Mafuta gani hayo?

Hadubini_ya_Zamani
Mdogo wangu, umeuliza la maana. Bakteria karibu wote wana ukuta wa peptidoglikani, yaani wavu mgumu wa sukari na vipande vya protini. Wa TB anao pia, ila juu yake kuna sukari zilizoungana, arabinogalaktani, na kwenye hizo zimeshikizwa asidi za maikoliki. Hayo ndiyo mafuta yenyewe. Mafuta ya kupikia yana mnyororo wa kaboni 16 au 18. Haya yanafika 60 hadi 90. Yamebanana hadi kuwa nta, na rangi ya majimaji hupenya kwa shida. Ndiyo maana rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kutambua bakteria, haimshiki vizuri.

Fenoli iliyomo kwenye kabolifuksini, pamoja na joto, hulainisha nta hiyo na rangi ikaingia. Slaidi ikipoa nta inakaza, asidi haiitoi tena. Paul Ehrlich aliiona tabia hii mwaka 1882, mwaka uleule Robert Koch alipomtangaza kimelea huyu, Machi 24. Ziehl na Neelsen wakaboresha njia, na hadi leo njia hii unayotumia tunaiita Ziehl-Neelsen.

Kwa hiyo nakuomba, moto usiuharakishe. Pasha mpaka mvuke utoke, isichemke, uiache dakika 5. Rangi isipopenya, mtu mwenye TB anaandikiwa hasi, anarudi kulala chumba kimoja na watoto wake. Katika kazi hii hakuna linaloniuma kama hilo.

Nesi_wa_Kliniki
Naongezea upande wa dawa. Isoniazidi huzuia asidi za maikoliki zisitengenezwe, ethambutoli huzuia arabinogalaktani. Yaani kati ya dawa nne za miezi 2 ya mwanzo, mbili zinapiga ganda hilohilo. Wagonjwa wangu nawaeleza hivyo, na wanaelewa.

Mwanafunzi_Maabara
Asanteni sana. Kaka Hadubini, kimelea akishakufa kwa dawa, bado ataonekana mwekundu?

Hadubini_ya_Zamani
Anaweza. Nta haiyeyuki siku anapokufa. Slaidi chanya mwisho wa mwezi wa 2 haitoshi peke yake kusema dawa zimeshindwa. Kuotesha, yaani kuwakuza vimelea maabara, ndiko kunakoonyesha kama wako hai, na huko ni kusubiri wiki kadhaa, maana hugawanyika mara moja tu katika saa 15 hadi 20. GeneXpert, mashine ya kupima TB, nayo husoma DNA, hata ya waliokufa, ndiyo maana hatuitumii kufuatilia maendeleo ya matibabu.

Na ukiona vijiti 1 hadi 9 katika maeneo 100 ya hadubini, andika idadi yenyewe. Usiandike hasi kwa sababu ni vichache.