Barafu za matunda kwa mbwa: tikiti, ndizi na mtindi, au embe?

MkaziWaTegeta
Wakuu, salaam. Kwa joto hili la Dar mbwa wangu (chotara wa German Shepherd na wa kienyeji, kilo 25 hivi) anashinda amejilaza kwenye sakafu ya jikoni, ulimi nje. Nataka niwe namgandishia matunda kwenye friza. Nina machaguo matatu: tikiti la kusaga, ndizi na mtindi, au embe, maana sokoni zimejaa. Lipi lina nafuu kwa bei, usumbufu na afya yake?

BintiChuda
Tikiti, sina mjadala. Toa mbegu na ganda, saga, mimina kwenye trei ya barafu, kesho yake tayari. Huongezi kitu. Zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji, kwa hiyo hata mbwa mvivu wa kunywa anayapata humo. Kasoro yake linayeyuka upesi. Mpe nje, la sivyo utapiga deki sebule nzima.

Fundi_Ras
Mimi niko kwa ndizi. Ile iliyoanza madoa meusi, ambayo watoto wanaikimbia, unaiponda kwa uma, unachanganya na mtindi mtupu, unagandisha. Inashikana vizuri, mbwa anailamba taratibu badala ya kuitafuna kra-kra na kumaliza. Kama una lile dude la mpira lenye tundu, shindilia humo ugandishe nalo. Utaangalia mechi hadi mapumziko hajakusumbua. Soma tu kopo: mtindi wa vanila au stroberi una sukari, achana nao.

HesabuKwanza
Ras, ni tamu lakini nzito. Gramu 100 za tikiti zina kalori 30 hivi, embe 60, ndizi karibu 90, na mtindi hujauhesabu. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Mbwa wa kilo 25 anahitaji takriban kalori 1,200, kwa hiyo ana 120 za kuchezea: gramu 400 za tikiti, au 200 za embe, au ndizi moja kubwa na basi. Kama mbwa wako ni mnene, jibu unalo.

KaskaziniMombasa
Mbona mnahangaika? Huku kwetu friza haikosi barafu za ukwaju. Si umpe hizo hizo, usitie sukari tu?

DaktariMifugo_Moro
Ukwaju hapana ndugu yangu, hata usiwe na sukari. Zabibu zinajulikana siku nyingi kwamba zinaharibu figo za mbwa, na kinachoshukiwa ni asidi ya tatariki. Ukwaju umejaa asidi hiyo hiyo. Mwaka 2022 madaktari wa mifugo wa Marekani walichapisha taarifa za mbwa walioumia figo baada ya kula ukwaju. Kwa hiyo ukwaju, zabibu za Dodoma na zile kavu za kwenye biriani, vyote viwe mbali naye. Akishakula, usikae kusubiri aonyeshe dalili, mpeleke kwa daktari.

Embe sina ugomvi nalo. Menya, toa nyama, na kokwa litupe pasipofikika. Likimezwa linaziba utumbo, hiyo ni kazi ya kisu. Anayetaka kutia siagi ya karanga aangalie haina zailitoli, ile sukari mbadala. Kwa mbwa ni sumu kali.

Na mkuu wa Tegeta, ulimi nje ni kawaida. Ila ukimwona anayumba, anatapika au ufizi umekuwa mwekundu sana, barafu ya tunda siyo dawa. Mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, mkimbize hospitali.

KaskaziniMombasa
Lahaula! Na huyu wangu hushinda chini ya mkwaju wa jirani. Asante daktari, leo naziba ua.

MkaziWaTegeta
Shukrani wote. Basi tikiti siku za kawaida, ndizi ya Ras wikendi, robo ya kipimo chake. Swali la mwisho: umeme ukikatika vikayeyuka?

BintiChuda
Tikiti likiwa bado la baridi mwekee kwenye bakuli anywe. Chenye mtindi kikishalala kwenye joto mwaga, usigandishe tena.

Fundi_Ras
Robo?! Mbwa wako atahamia kwangu.