Ringi 29 kwenye fremu ya 26, inawezekana kwa njia za Isongole na Matamba?

Kilima_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya mtumba, fremu ya 26, breki za V (zile za mpira unaobana ubavu wa ringi) mbele na nyuma, gia za meno 22/32/42 mbele na 11–32 nyuma. Urefu wangu sm 165, uzito kilo 72. Njia ni za vumbi na mawe, Uyole ya Mbeya kwenda Isongole, na mara mojamoja Chimala kupanda Matamba kwa zile kona 57. Nimeona seti ya ringi 29 na matairi yake ya 2.2 kwa bei ya kueleweka. Nizifunge humu, ninunue baiskeli nzima ya 29 (ipo moja yenye 34 mbele na 11–36 nyuma), au nibaki na 26? Kila mtu ananiambia 29 inameza mawe.

FundiSpoku
Usitoe hela bado, mkuu. Hizo 26, 27.5 na 29 ni majina ya dukani. Cha kuangalia ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi: 559, 584 na 622 mm. Kimeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 54-559 au 57-622. Soma namba ya pili.

Kutoka 559 hadi 622 ni mm 63, maana yake ukingo wa ringi unasogea juu mm 31.5. Mpira wa breki ya V unasogea milimita chache tu kwenye mfereji wake. Ukifunga hiyo 29 leo, mpira utabana spoku, hautagusa ringi.

Hata kwa mwenye breki za diski, nafasi ndiyo inayokwamisha. Toa gurudumu la nyuma, weka mwanzo wa futi pale katikati ya ekseli inapokaa, vuta hadi kwenye kile kipande kinachounganisha mabomba mawili juu ya tairi. Ukitaka mm 10 za kupitisha tope unahitaji takriban mm 343 kwa 26x2.1, 355 kwa 27.5x2.1, na 377 kwa 29x2.2. Mbele pima vivyo hivyo, ila kama foku ina shokapu, ipime ikiwa imebonyea mwisho. Wengi wanaipima imesimama, halafu kwenye shimo la kwanza tairi linagonga juu.

Mtego mwingine: tairi la baiskeli ya Phoenix la 28 x 1 1/2 ni 635, halikai kwenye 29, linapwaya. Na 26 x 1 3/8 ni 590, halikai kwenye 559.

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene. Fundi yuko sahihi kuhusu fremu, ila 29 yenyewe tusiionee. Gurudumu la 26x2.1 likikutana na jiwe la sm 6 linaligonga kwa pembe ya karibu digrii 35; la 29x2.2 ni digrii 33. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye njia ya mawe mfululizo mikono inaisikia. Ubishi huu nao ni wa zamani: Olimpiki ya London 2012, mbio za baiskeli za milimani, Kulhavý wa Ucheki alibeba dhahabu na 29, Schurter wa Uswisi akiwa na 27.5 akafika sekunde moja nyuma yake. Sasa sema ni ringi iliyoshinda.

Hiyo baiskeli nzima uliyoiona, itazame gia kabla ya ringi. Gia yako nyepesi kabisa sasa, 22 kwa 32, inakusogeza mita 1.42 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Ile 34 kwa 36 kwenye 29 ni mita 2.16. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, moja inakwenda km 5 kwa saa, nyingine karibu km 8. Kona za Matamba utazipanda umeshuka. Ukiichukua, weka 30 mbele na 42 nyuma, unashuka hadi mita 1.64. Hakikisha kihamisha cheni cha nyuma kinafika 42, na uongeze urefu wa cheni. Ikiwa fupi inaking'oa.

Kwa sm 165 fremu ndogo ya 29 inakutosha, ila kaa juu yake, geuza usukani huku pedeli ikiwa mbele, uone kama kidole cha mguu kinagusa tairi.

FundiSpoku
Nyongeza kwa wanaobeba viazi. Habu (kitovu cha gurudumu) za 26 na 29 nyingi zina upana uleule, spoku za 29 ndizo ndefu, hivyo zinasimama wima zaidi na gurudumu linayumba upande. Kwa mzigo, chukua ringi ya spoku 36, usikubali ya spoku 28. Za nyuma mara nyingi hukatika kwenye kiwiko, pale spoku inapojikunja kuingia habu.

Kilima_Uyole
Nimepima. Nyuma mm 360, mbele 364. Upana kati ya mabomba ya nyuma pale tairi linapopita ni 74. Masikio ya kufungia diski hayapo.

FundiSpoku
Basi 29 imekufa. 27.5 ingeingia, ila mpira wa breki ungepungukiwa mm 12.5 na diski huna pa kuifunga. Baki na 26, nunua matairi ya 57-559, yaani 2.25. Kwa upana wako zinabaki mm 8 na ushee kila upande. Kwa kilo 72 jaza psi 28 mbele, 32 nyuma. Ukipata pancha ya matundu mawili sambamba, upepo ulikuwa mdogo, ongeza psi 3.

Kabla ya kuvalisha, laza rula kwenye ubavu wa ringi pale breki inapobana. Mchanga wa upande wa Rungwe unakula aluminiamu kama msasa. Ukiona mwanga katikati ya rula na ringi, hiyo ringi imeliwa, itapasuka siku ukijaza upepo. Badilisha ringi kwanza, matairi baadaye.