Tangi la matumbawe Mbeya: Xenia inayeyuka, Sarcophyton imejifunga, uyoga mzima. Nianzie wapi?

ForestMpya_250

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa kusoma dalili kabla sijaanza kubadilisha vitu ovyo. Tangi ni la lita 250, maji chumvi, matumbawe laini matupu, lipo sebuleni Forest Mpya hapa Mbeya mjini. Tangu baridi ianze Juni hali ni hii: Xenia (tumbawe lenye mikono inayofumba na kufumbua) iliacha mchezo wake huo, ikasinyaa, sasa inayeyuka kuanzia nchani na kuacha ute mweupe. Sarcophyton imejifunga, haitoi minyiri, ngozi inang'aa. Sinularia asubuhi imelala, jioni inajiinua kidogo. Matumbawe ya uyoga (Discosoma) na zoanthi (matumbawe madogo kama vifungo) ziko vizuri kabisa. Samaki, kamba na konokono wazima.

Vipimo vya saa moja asubuhi, taa hazijawaka: joto nyuzi 22 (mchana 25), chumvi 1.025 kwa haidromita ya mshale, pH 7.7, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) 7.4 dKH, kalsiamu 410, amonia 0, naitreti 0, fosfeti 0. Magnesiamu sina kipimo.

Vifaa: skima (chombo kinachotoa uchafu wa maji kwa povu la hewa) iliyoandikwa ya tangi la lita 500, kaboni ya kuchujia maji, chombo cha chembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti, pampu mbili za mkondo, hita moja ya wati 150, taa ya LED. Maji ni chumvi ya pakiti na maji ya RO (yaliyochujwa hadi karibu kuwa matupu). Nimeambiwa niongeze mwanga na niweke ayodini. Mnasemaje?

Kihesa_MajiChumvi

Mkuu, usiongeze mwanga na usiweke ayodini. Tumbawe lililodhoofika ukiliongezea mwanga unalichoma, maana mwani ulio ndani yake unazalisha kuliko mwenyeji anavyoweza kuhimili, kisha linautema na kuwa jeupe. Kwa sasa punguza LED kama robo hivi. Ayodini ya Xenia inasemwa sana kuliko inavyothibitika, na bila kipimo chake unamwaga sumu kwa kukisia.

Angalia nani kaanguka na nani kasimama. Kamba na konokono wakiwa hai, sumu ya shaba iondoe kwenye orodha ya visababishi, kwa sababu hao ndio huwahi kufa. Amonia nayo haipo. Uyoga na zoanthi huvumilia karibu kila kitu, kwa hiyo uzima wao hautuambii mengi. Xenia ndiyo kipimo chako: haipendi joto linaloyumba, haipendi pH ya chini, na haipendi maji yaliyochujwa hadi hayana kitu. Kwa namba ulizotoa, yote matatu unayo.

Tuanze na pH. Wengi watakwambia ni mwinuko wa Mbeya. Sivyo. Kwenye mita 1,700 hewa ina mgandamizo wa kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na kaboni dioksidi nayo hupungua kwa kadiri hiyo, kwa hiyo mwinuko ungepandisha pH kidogo, chini ya 0.1. Ikiwa 7.7, kuna gesi imejaa humo ndani. Fanya hivi: chota maji ya tangi vikombe viwili. Kimoja kipulizie hewa kwa pampu ndogo hapo hapo sebuleni saa nzima, kingine peleka nje barazani ufanye vivyo hivyo. Pima vyote. Vikipanda vyote viwili, tangi halipumui vya kutosha. Kikipanda cha nje peke yake, tatizo ni hewa ya chumba. Visipopanda vyote, hapo ndipo tuzungumze alkalini.

Halafu jibu swali moja: jioni mnapasha nyumba joto kwa kutumia kitu gani?

Uyole_Tangi

Naunga mkono, ila mimi ningeanza na zile sifuri mbili. Naitreti 0 na fosfeti 0 kwa matumbawe laini ni njaa, ingawa watu wanazisoma kama usafi. Hawa hunyonya sehemu ya chakula chao kwenye maji yenyewe, na hawafai kwa yale maji yenye virutubisho kidogo sana ambayo watu hufugia matumbawe ya mawe. Skima ya lita 500 kwenye tangi la 250, juu yake kaboni, juu yake tena oksidi ya chuma, hapo hakuna kinachobaki cha kula. Ukiendelea hivyo, kinachofuata ni ute wa kahawia wenye viputo juu ya mchanga. Hizo ni dinoflajelati (viumbe vidogo sana kama mwani), na kuziondoa ni kazi kuliko hii.

Toa chembe za oksidi ya chuma leo, zote. Kaboni iache. Samaki walishe mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1, vyote kwa miligramu kwa lita. Ukiona wiki mbili zimepita na naitreti bado 0, tumia naitreti ya potasiamu iliyo safi: gramu 0.4 iliyoyeyushwa kwenye RO inapandisha lita 250 kwa miligramu 1 hivi. Usiguse mbolea ya CAN ya mahindi hata kama gunia liko mlangoni. Nusu ya naitrojeni yake ni amonia, utaua tangi zima kwa kijiko.

Skima usiizime usiku ili "kubakiza chakula", ushauri huo unasambaa sana. Maji chumvi ya nyuzi 25 pwani hushika oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita, huku kwetu yanaishia kama 5.5. Skima ndiyo mapafu yako. Shusha kiwango chake cha maji ili itoe uchafu mzito na mchache, lakini iendelee kupuliza.

Haidromita ya mshale nayo siiamini. Kiputo kimoja kikinasa kwenye mshale kinauinua na kukudanganya kwamba chumvi imezidi. Tafuta refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga), na usiisawazishe kwa maji matupu. Pima gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani, ongeza RO mpaka jumla ifike gramu 1,000, koroga. Hapo isome 35 (gramu za chumvi kwa kilo ya maji). Kiangazi hiki hewa ni kavu na maji yanaruka upesi, kwa hiyo chumvi halisi inaweza kuwa juu au chini ya unavyodhani. Kilichoruka kijazie kwa RO, kamwe si kwa maji chumvi.

ForestMpya_250

Asanteni sana. Jibu la vikombe: cha ndani 7.8, cha nje 8.15. Na ndiyo, jioni huwa tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, madirisha tunafunga mpaka asubuhi. Pia nimeacha kipimajoto chenye kumbukumbu: saa kumi na moja alfajiri joto lilikuwa 19.5. Umeme ulikatika usiku, ulirudi kabla hatujaamka.

Makambako_Baridi

Mkuu, hilo jiko litoe kwa ajili ya watu kwanza, tumbawe baadaye. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi, haina harufu, na watu hulala wasiamke. Liwashieni nje, likikolea bado lisiingizwe ndani kwa kulala.

Likishatoka, chukua mpira wa hewa wa skima, urefushe upitishe kwenye kona ya dirisha uvute hewa ya nje. Mpira usiwe mwembamba kuliko ule wa skima yenyewe, la sivyo skima itakosa nguvu ya kuvuta. Mdomo wa nje ugeuze uangalie chini na ufunge kipande cha chandarua. Hilo peke yake lilete pH 8.0 au zaidi asubuhi. Alkalini ipeleke 8 hadi 8.5 taratibu: gramu 7.5 za bikaboneti ya sodiamu hupandisha lita 250 kwa 1 dKH, gawanya kwa siku mbili. Iwe bikaboneti tupu. Bekin pauda ina wanga na asidi ndani, na magadi ya kulainishia makande ni mchanganyiko usiojua una nini.

Sasa joto. Wati 150 kwa lita 250 inatosha Kariakoo, haitoshi huku Julai. Weka hita mbili za wati 200 kwenye kidhibiti kimoja cha nje, moja kila upande, uziseti 25. Mbili kwa sababu moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tangi zima, na moja ikifa nyingine inashikilia. Vioo vitatu, nyuma na ubavuni, bandika shiti za foamu nyeupe za sentimita 2, hata chini ya tangi kama unaweza kulinyanyua siku ya usafi. Juu usifunike kabisa, acha uwazi, maana ukiziba unarudisha tatizo la gesi.

Umeme ukikatika, usihangaike na hita kwenye betri. Wati 400 zinamaliza nusu salama ya betri ya volti 12 ya Ah 100 kwa saa moja na nusu tu. Betri iweke kwenye pampu ya mkondo ya volti 12, mzunguko na oksijeni ndivyo vinavyookoa. Joto lishike kwa blanketi kwenye vioo na chupa za maji moto: chupa nne za lita moja na nusu zenye maji ya nyuzi 70, zimefungwa vizuri na kuelea juu, zinarudisha kama nyuzi 1. Chupa ioshwe nje, lebo itolewe. Na ukikuta joto limeshuka hadi 19.5, lirudishe kwa saa kadhaa. Kulipandisha ghafla ni pigo la pili.

ForestMpya_250

Nimeelewa. Sarcophyton niikate? Na Xenia iliyobaki niitoe?

Kihesa_MajiChumvi

Sarcophyton bonyeza shina kwa kidole ukiwa na glavu. Kama ni gumu, na huo mng'ao ni utando kama wa nta unaochunika, inajivua tu. Hufanya hivyo kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, na baridi huichokoza. Elekeza mkondo uipitie kwa kupishana, usiipige moja kwa moja, na utando uliolegea upulize kwa sirinji kubwa isiyo na sindano. Wembe unahusika pale tu kitako kinapokuwa cheusi au kahawia, laini, na kina harufu ya kuoza. Hapo kata sentimita moja ndani ya nyama nzima, ukiwa umeihamishia kwenye ndoo yenye maji ya tangi, kisha ifunge kwenye jiwe kwa uzi, gundi haishiki kwenye ute. Ikikatwa humwaga kemikali zinazowasumbua majirani, kwa hiyo maji ya ndoo mwaga, na kaboni weka mpya siku hiyo hiyo. Kaboni ya zamani imeshajaa.

Xenia nyonya kwa mpira kila kilichoyeyuka, leo leo, kwa sababu kinaoza na kuzaa amonia. Shina lililo imara liache, Xenia huchipua kutoka kwenye kitako kidogo sana. Amonia pima kesho na keshokutwa.

Zoanthi ziko salama, usiziguse. Ukilazimika kuhamisha jiwe lake vaa glavu na miwani, na jiwe hilo usilichemshe wala kulisugua kwa brashi kavu. Baadhi zina palitoksini, sumu kali, na mvuke wake umepeleka watu hospitali. Badili maji asilimia 10 tu kwa wiki mpaka joto litulie, na pima pH saa ile ile ya asubuhi, vinginevyo namba zako hazitalingana.