Naombeni ushauri: oda kubwa ya sare imelala, nashinda kwenye zipu na kupunguza suruali

Fundi Msamvu: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu hapa Morogoro. Nimepata oda ya sketi 140 za marinda, zinatakiwa kabla shule hazijafungua Januari. Sijawahi kupata kazi kubwa kama hii. Tatizo siishiki. Nafungua asubuhi nimejipanga, anaingia mtu na zipu, mwingine kupunguza kiuno, mara mama mmoja na gauni la harusi ya kesho. Magharibi inafika nimechoka na sketi hata moja haijatoka. Usingizi sipati. Mnafanyaje hizi kazi ndogondogo zisiimeze ile kubwa?

Bi Tausi: Pole mwanangu. Zima simu. Vijana wa siku hizi kutwa mnaangalia video.

Fundi Msamvu: Shikamoo mama. Simu si tatizo, napokelea wateja tu.

Kamba Mbili: Naijua hiyo mkuu. Mimi seremala. Nilipewa mabenchi ya kanisa, mtaa mzima ukaniletea vigoda vya kugonga msumari. Nikaandika mlangoni: kazi ndogo ni Jumamosi tu. Walinuna, wakazoea. Mchungaji yule mpaka leo ananitafutia kazi, hata milango ya nyumba ya mdogo wake nimetengeneza mimi, mninga mtupu.

Dada Overloki: Fundi, sikiliza. Jeans inataka sindano namba 16 au 18, tetroni inakwenda na 14. Unatoa uzi wa bluu, unaweka wa njano, unabadilisha bobini, unarekebisha mkazo, unashona zipu moja, kisha unarudisha vyote. Siku inaishia hapo. Na sare haishonwi moja moja. Kata zote, piga overloki zote, kunja marinda yote na pasi, ndipo zipu, mikanda, pindo. Umeshakata ngapi?

Fundi Msamvu: Kukata bado, dada. Nataka nimalize kwanza za watu.

Dada Overloki: Kitambaa kipo?

Fundi Msamvu: Lipo jora moja.

Dada Overloki: Jora moja halitoi sketi 140 za marinda, unajua hilo. Kianzio hawakukupa?

Fundi Msamvu: Walinipa nusu. Wiki hiyohiyo mwenye fremu akataka kodi ya miezi sita, la sivyo vyombo nje. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bila fremu hizo sketi ningeshonea wapi? Sasa hizi zipu ndizo zinanirudishia hela ya kitambaa, kidogokidogo.

Dada Overloki: Kumbe. Basi hata ukiandika mlangoni kama seremala haitasaidia, maana unazihitaji hizo zipu. Zipu hazitafikisha hela ya majora kabla ya Januari.

Mzee wa Mlimani: Kianzio ni amana. Hela ya mtu hailipiwi kodi yako. Nimeona mafundi wengi wamehama mji kwa jambo hili.

Kipanga: Wakuu, hii ni chai. ID mpya, na shule ya serikali hainunui sare, mzazi anajinunulia. Nani ampe fundi wa fremu nusu ya hela mkononi? Kesho ataweka namba tumchangie.

Mtoto wa Tanga: Chai ya maziwa kabisa. Leteni maandazi.

Fundi Msamvu: Shule ni ya binafsi, sare imo kwenye malipo ya kuanza. Sijaomba hata mia ya mtu.

Kipanga: Kama ni fundi kweli, rinda linakula kitambaa kiasi gani?

Fundi Msamvu: Marinda ya kuzunguka yanakula mara tatu. Kiuno cha inchi 26 natafuta 78, na za mshono juu yake. Upana wa inchi 60 hautoshi, lazima niunge. Uliza lingine.

Kipanga: Haya mkuu, yaishe.

Kamba Mbili: Mwambie ukweli mwalimu aliyekupa oda, leo. Muahidi sketi za kidato cha kwanza zianze, za wengine zifuate.

Fundi Msamvu: Nikimwambia atainyang'anya. Kuna kijana anakopesha papo hapo, nimeshampa kitambulisho. Ni wa mwezi mmoja tu, nikikabidhi nalipa.

Dada Overloki: Kausha damu huyo! Riba yake itamaliza faida ya sketi zote. Kafuate kitambulisho chako.

Bi Tausi: Halmashauri wana mkopo ule wa asilimia 10 ya mapato yao, hauna riba.

Dada Overloki: Ni wa vikundi, mama, na mchakato wake hautaiwahi Januari. Fundi, mimi nachukua majora Kariakoo kwa mali kauli, nalipa baadaye. Njoo inboksi na picha ya karatasi ya oda yenye muhuri wa shule. Nikiiona, kesho asubuhi naongea na mwenye duka, halafu wewe unaongea na mwalimu.

Fundi Msamvu: Naituma sasa hivi. Ya mwalimu niachie kwanza.

Dada Overloki: Hapana. Vyote viwili, au nisimpigie.