Nadharia za "dunia haipo" zimenichosha, tuambiane ukweli

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kila mjadala wa maana ukianza hapa, anaibuka mjuzi mmoja na kutangaza kwamba hakuna kitu kilichopo kweli, na watu wazima wanampigia makofi. Jamani, mpaka lini?

Tuanze na hili la "muda haupo". Hoja hiyo aliivumisha mwanafalsafa Mwingereza McTaggart mwaka 1908. Anasema tukio lilelile ni la kesho, la leo na la jana, hali hizo zinapingana, basi muda hakuna. Akaichapisha wapi? Kwenye jarida linalotoka kila baada ya miezi mitatu! Miezi ipi sasa?

Halafu mwanafalsafa Berkeley, mwaka 1710: kuwepo kwa kitu ni kutambuliwa na akili, hakuna maada nje ya hapo. Ukimuuliza meza inakwenda wapi chumba kikibaki kitupu, anakwambia Mungu anaiona. Mwaka 1763 mwandishi Samuel Johnson alipiga teke jiwe kubwa mpaka mguu ukadunda, akasema hoja ya Berkeley anaipinga namna hiyo. Wafuasi wa Berkeley wanamcheka mpaka leo, eti hata maumivu ya mguu ni wazo tu. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Nadharia imeundwa isiguswe na jiwe, wala nyundo, wala ushahidi wa aina yoyote. Meza iwe mbao au iwe wazo, sahani inakaa palepale na kona yake inakugonga goti vilevile. Sasa umetufundisha nini?

Mwanafalsafa Leibniz naye, 1714, anasema ulimwengu ni monadi (vitu vya msingi visivyogawanyika) zisizo na madirisha, haziathiriani kabisa, Mungu alizipanga zilingane tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo nikikukanyaga kidole, mguu wangu haujakufanya lolote. Kidole kimeuma chenyewe kwa ratiba. Mtu mzima aliandika hayo kwa uzito wote!

Na nyie wa "tunaishi ndani ya kompyuta", someni kwanza. Mwanafalsafa Bostrom, aliyeivumisha hoja hiyo mwaka 2003, hakusema hivyo. Alisema angalau moja kati ya mambo matatu lazima liwe kweli: viumbe kama sisi karibu wote huangamia kabla ya kufikia uwezo wa kuigiza maisha kwenye kompyuta, au wakiufikia hawana haja ya kuigiza maisha ya mababu zao, au karibu hakika sisi ni maigizo ya kompyuta. Nyie mmerukia la tatu kwa sababu linanoga.

Mwanafalsafa Hume ndiye ninayemheshimu. Alitilia shaka karibu kila kitu, lakini alikiri waziwazi kwamba akila, akicheza na kupiga soga na marafiki, akirudi kwenye nadharia zake anaziona baridi na za kulazimisha. Huyo alisema kweli.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Juzi mtu kaeleza alivyofiwa na mama yake, mjuzi mmoja akamjibu kwamba kifo ni dhana, asihuzunike. Huo ni ukatili uliovalishwa joho. Mjuzi huyohuyo jino likimuuma anakimbilia dawa, hajiambii kwamba jino ni dhana. Arudi amwombe radhi mfiwa yule, kwa jina lake, hadharani, na aufute ule ujumbe.