Tupeane uzoefu: kikao chako cha kwanza cha kuacha pombe ulikifikiaje?

Wakuu, habari za jioni. Leo natimiza miezi 11 bila pombe. Sitaki tujadili namna ya kuacha, hiyo tumeisema sana. Nataka tusimuliane kile kikao cha kwanza: ulisikia wapi, ulifikaje, uliingiaje.

Naanza mwenyewe. Niko Dar. Viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilijidanganya kwamba serikali imeniachisha. Nikahamia chupa kubwa, basi. Mwaka jana nilikuwa nazimua saa kumi na moja alfajiri, maana bila hivyo hata mswaki haushikiki. Nikaokota mtandaoni anwani ya kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe): ukumbi wa kanisa, Jumanne jioni. Daladala mbili, nafika, mlango una kufuli. Mlinzi ananiambia, "Hao walishahamia Alhamisi." Nikaenda moja kwa moja baa, na hasira juu, kana kwamba wamehama kunikimbia mimi.

Nilirudi Alhamisi ya tatu. Nikasimama ng'ambo ya barabara kwa muuza mahindi, nikala mawili nikiwakagua wanaoingia. Namtafuta mlevi, simwoni. Kaka kachomekea, mama kavaa kitenge kipya. Nikajua nimekosea tena. Muuza mahindi akaniuliza, "Bosi, na wewe ni wa wale wa chai?" Ndivyo anavyowajua. Nikaingia kama mtu anayefuata chai. Hakuna fomu, hakuna kiingilio, jina moja linatosha. Kapu la mchango lilipita, mwenye buku akatia. Mimi sikuwa nayo, na hakuna aliyenitazama.

Haya, wengine.

Mkavu wa Rongai: Mimi nilipiga 1192, ile namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na mihadarati, nikiwa choo cha ofisi nikinong'ona. Waliniunganisha na mshauri, yeye ndiye akanipa siku na mahali. Kitu sikujua ni kwamba kuna mikutano ya wazi na mingine ya wenye shida peke yao. Nilienda hiyo ya pili na dadangu, akaombwa kwa heshima asubiri nje. Alikaa kwa gari saa nzima, na wiki nzima hakunisemesha. Pia nilidhani ni watu wa kanisa wanataka kuniokoa. Mzee mmoja akanieleza hii kitu ilianzia Akron, Marekani, 1935: dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote pombe imewashinda, wakagundua kwamba wakiongea pamoja hiyo siku inapita. Hapo ndipo nilituliza roho.

Mama Wawili, Moshi: Mimi sinywi, ni mke wa mnywaji. Huku kwetu mbege iko kwenye posa, kwenye matanga, kila mahali. Kusema imemshinda mtu ni kama kutukana ukoo. Nilimtafutia kikao mwaka mzima, hakwenda. Ndipo nikasikia kuna Al-Anon, ya ndugu wa wanywaji. Hapa mjini sikuipata, naingia kwa simu na Kiingereza changu cha kuungaunga. Yeye bado anakunywa. Mimi nimeacha kumwaga chupa zake chooni.

Mwanzisha mada: Pole sana dada. Kwetu kuna mama huja na mumewe siku za kikao cha wazi, nitamuuliza kama anajua kundi la Kiswahili.

Kijana wa Unguja: Kwa sie Waislamu, kunywa ni shida moja, kukiri kuwa unakunywa ni nyingine. Kaka yangu alinipeleka nyumba ya upataji nafuu, soba kama wanavyoita. Wenzangu karibu wote ni wa unga, nikajiona mie afadhali, mlevi wa heshima. Siku ya nne mmoja akasimulia alivyouza televisheni ya mamake. Mie nilishauza cherehani ya mamangu. Chakula cha usiku siku ile kilinishinda.

Nesi Mstaafu: Nakatiza kidogo wanangu. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani ili awahi kikao. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona wadudu ukutani hufuata, siku ya pili hadi ya nne hivi, na mtu anaweza kufa. Hospitali kwanza, na kiasi unachokunywa ukitaje chote. Wengi wakiulizwa husema "bia mbili tatu". Tumezisikia sana hizo mbili tatu.

Mtu wa Ziwa, Mwanza: Changu ni cha simu, kundi la Nairobi. Siku ya kwanza niliingia na akaunti ya mtoto, jina likatokea "Tuisheni Darasa la Sita". Mwenyekiti akasema, "Karibu Tuisheni," na mpaka leo ndivyo wanavyoniita. Jamaa mmoja akaanza kueleza alivyoamka mtaroni na suti ya harusi, harusi yake mwenyewe. Bando likakata. Nikatoka mbio hadi kibanda cha jirani, muuzaji akaniwekea kichupa mezani kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia leo nataka vocha. Akakitazama kile kichupa, akanitazama mimi, akauliza, "Ya shilingi ngapi?" Nilivyorudi jamaa alishamaliza. Na hajawahi kuirudia ile hadithi, sijui hata kama bibi harusi alimsubiri.